Koti Lililobaki Kitini

Mzee Sefu,

Shikamoo. Miaka kumi na moja nimekuamkia kila asubuhi ukimaliza kupanda zile ngazi za ofisi yetu mtaa wa Gerezani, nawe ukaitikia, "Marahaba binti, mbona viatu havijapigwa rangi?" Salamu na kasoro kwa pumzi moja. Leo naiamkia karatasi. Hakuna wa kunikagua, na viatu vyenyewe vimepauka kweli, sikufichi.

Nina habari za ofisi, na nina jambo la kukuomba radhi. Nianze na habari, maana hilo la radhi linanikaba.

Tai zimekwisha, Mzee. Zimekwisha zote. Bosi wa zamani alihamishwa wiki ya arobaini yako, akaletwa kijana anayeitwa Kelvin, na akatuambia tumwite Kelvin hivyo hivyo, bila Bwana mbele. Nikasema moyoni, huyu ana lake jambo. Alikuja na fulana nyeupe, jinzi na raba, akasimama katikati ya ofisi akasema kuanzia Jumatatu kila mtu avae anavyojisikia, mambo ya makoti na tai ni ya wakoloni, mteja anataka mzigo wake utoke bandarini, hana shida na shingo ya karani. Watu wakapiga makofi. Mie sikupiga. Mtu akikwambia vaa unavyojisikia, anataka kujua unajisikiaje, halafu akaandike mahali.

Jumatatu yenyewe ungeiona ungerudi ulikotoka. Jofrey, yule karani wa dirishani uliyekuwa ukimwita Mbio za Sakafuni, alikuja na jinzi iliyochanwa magotini kwa makusudi, amelipia michano. Wengine fulana za mpira. Mie nikaja na blauzi yangu nyeupe, sketi nyeusi na mtandio, kama ulivyonilea. Kelvin akaniuliza, "Dada Hawa, wewe hukusikia?" Nikamjibu, "Nimesikia, na ndivyo ninavyojisikia." Akacheka. Kicheko chake sikukiamini, kilikuwa na meno mengi mno.

Nilivyolelewa unajua mwenyewe. Siku yangu ya kwanza kazini nilikuja na dera la maua makubwa, nimejifukiza udi, nikijiona nimetoka. Ukaniangalia juu hadi chini, ukasema, "Binti, umependeza sana, ila hapa si kwenye shughuli." Ukanikalisha nyuma ya kabati la mafaili kutwa nzima nisionekane na wateja. Jioni ukanieleza kwa upole kwamba mwenye kontena anaacha mali yake mikononi mwa mtu asiyemjua, na kitu pekee anachoweza kukisoma kwako ni nguo. Kesho yake ukanipeleka Kariakoo kwa Fundi Mbaraka, akanishonea sketi mbili kwa kitambaa ulichonunua wewe. Nilikasirika wiki nzima. Sketi moja bado ninayo.

Sasa nikukumbushe mchezo wako wa koti, ingawa ni wewe uliyenifundisha.

Ulikuwa na makoti mawili tu, la bluu na la kahawia. Moja mgongoni mwako, jingine kwenye mgongo wa kiti, kesho yanabadilishana. Ikifika saa nne asubuhi unaweka ile miwani yako ya zamani juu ya faili lililo wazi, kikombe cha chai nusu pembeni, unapangusa mabega ya koti la kitini, kisha unaniambia, "Binti, natoka kidogo." Na yeyote atakayeuliza, mteja au bosi, mie nasema, "Yupo, ametoka kidogo. Si unaona koti lake?" Akishaona koti anatulia. Mjini humu hakuna ofisi isiyoujua mchezo huo. Lakini wenzio waliucheza mara moja moja. Wewe miaka miwili ya mwisho ilikuwa kila siku, na kurudi ni saa sita na nusu, wakati mwingine saa saba. Na lile koti lilivyokaa! Limejaa, mabega yamesimama, ukichungulia toka mlangoni unaapa kuna mtu ameinama anasoma.

Nilikushuku, Mzee. Wacha niseme tu. Miaka miwili ile ya mwisho nilikuwa na hakika una bi mdogo Kigamboni. Jofrey alikuona mara mbili upande wa Kivukoni, karibu na kivuko, unatembea polepole kama mtu asiyetaka afike. Kisha unarudi ofisini na samaki wa kukaanga wa soko la Feri kwenye karatasi, unaniwekea mezani. "Kula binti, mie nimeshakula." Umeshakula! Kwa nani? Nilikuwa natafuna yule samaki changu wako huku nasema kimoyomoyo, hii ni hongo ya kunifunga mdomo. Nilikula lakini. Mpaka mifupa nilikuwa nafyonza.

Na lile koti la mgongoni nalo nililishuku. Kiyoyozi kilipokufa, joto la mwezi wa pili, wanaume wote wamebaki na mashati wamekunja mikono, wewe umefunga koti mpaka kifungo cha kati na jasho linakutiririka masikioni. Nikakwambia, "Mzee, vua koti, utaiva." Ukanijibu, "Koti halivuliwi mbele ya mteja." Mteja mwenyewe hakuwepo. Alikuwepo yule paka wa mama ntilie. Nikasema, haya basi, makuu ya mtu mzima, anataka mjini wajue yeye peke yake ndiye mwenye heshima.

Halafu ikaja ile Alhamisi.

Ulitoka saa nne. La bluu mgongoni, la kahawia kitini. Saa saba hujarudi. Saa tisa hujarudi. Bosi wa zamani aliuliza mara tatu, na mara tatu zote nikamwambia ametoka kidogo. Saa kumi na moja nikafunga mlango nimenuna, nasema leo bi mdogo amepika biriani. Ijumaa hukuja. Jumamosi asubuhi mwanao akapiga simu, na alasiri tukawa tumeshakuzika.

Nilikuja msibani, nilikaa ndani na wanawake. Nikawasikia wakisema, "Alikuwa akiumwa, maskini, amepumzika." Nikayapuuza. Nikajua ni maneno ya msibani, maana wewe kuumwa nilikuona lini? Unajua nilikuwa nafanya nini, Mzee? Nilikuwa namtafuta bi mdogo. Wallahi tena. Wenzangu wanasoma Yasini, mie macho yangu yanapita kwenye nyuso, nani analia kuliko anavyostahili. Kulikuwa na mama mmoja mwenye khanga ya kijani analia mpaka anayumba, nikasema ndiye huyo. Kumbe binamu yako toka Bagamoyo.

Koti la kahawia likabaki kitini. Hakuna aliyeligusa. Wengine kwa heshima, wengine kwa uoga, mie kwa vyote viwili. Nilikuwa nalipangusa mabega asubuhi, basi.

Sasa siku ya pili ya Kelvin, kabla hata hajajua choo kiko wapi, akasimama mbele ya kiti chako. "Mwenye koti hili yuko wapi?"

Sikufikiri. Ulimi ulijibu wenyewe. "Ametoka kidogo."

Jofrey akainamia kompyuta mabega yakimtikisika kwa kicheko. Ningeweza kusahihisha palepale, hata kwa kusema samahani ni mazoea. Sikusahihisha. Nilimwangalia yule kijana na raba zake nikasema moyoni, huyu akijua kiti ni kitupu atakiondoa, na akishazoea kuondoa viti ataanza na watu. Uongo ukakaa.

Bahati mbaya Kelvin hatulii ofisini, siku moja yupo, mbili yuko kwenye vikao, kwa hiyo kila akirudi anauliza tena, na mie kila mara naongeza. Ameenda bandarini. Ameenda kusali. Siku moja nikamwambia una msiba. Astaghfirullah! Una msiba, wewe! Nilienda chooni nikacheka, kisha nikalia, kisha nikarudi nikapiga muhuri karatasi za watu kichwa chini miguu juu.

Hapo ndipo nilipoanza kuona koti linatembea. Nililiacha mkono wa kulia umekunjwa, narudi umenyooka. Siku nyingine kola imegeuka. Mie si mtu wa majini, Mzee, unanijua. Nikasema hapa kuna mkono wa mtu. Nikafunga uzi mwekundu kwenye kifungo cha chini, nikauzungusha kwenye mgongo wa kiti. Nikaenda kula, niliporudi uzi umekatika. Kesho yake, Ijumaa, nikajifanya naenda kula, nikaishia kwenye ngazi, nikahesabu mabasi matatu ya mwendokasi yanapita, nikapanda tena kimyakimya. Koti lako liko kwenye kiti cha Jofrey. Jofrey mwenyewe hayupo.

Nilimsubiri nimesimama. Alipoingia nikamwambia, "Koti la marehemu unalifanyia nini?" Hata aibu hakuona. "Dada Hawa, si ndilo koti pekee humu? Tumeambiwa makoti ni ya wakoloni. Sasa mtu akitaka kutoka, azuge na nini? Fulana?" Na hakuwa peke yake! Kumbe ofisi nzima walikuwa wakilipokezana. Leo kiti cha huyu, kesho cha yule, jioni linarudishwa kwako. Koti lako lilikuwa linapiga kazi kuliko lilipokuwa na mwenyewe.

Nikalishika nilichukue. Naye akalishika. Tukavutana, watu wazima wawili, mpaka bitana ikachanika kwapani, na sauti ya mchaniko ule niliisikia mpaka kwenye meno. Nikainua uso. Kelvin amesimama mlangoni.

Aliniita ofisini kwake, akafunga mlango. Na mlango ulipofungwa ndipo nikakiona kilichokuwa nyuma yake. Koti, Mzee. Jeusi, la maana, limevikwa nailoni ya dobi, na tai imeviringwa imetiwa mfukoni. Nikajisemea, aha. Kumbe fulana ni zetu.

Akaniambia amepitia orodha. Wafanyakazi kumi na wawili, viti kumi na vitatu. Tangu amefika anaambiwa kuna mtu ametoka kidogo, na leo amekuta watu wanapigania koti la mtu huyo. "Dada Hawa, niambie ukweli. Mnaficha kishoka humu?"

Kwetu neno hilo unajua lilivyo, mtu asiye na leseni anayepitishia karatasi zake kwenye mgongo wa ofisi yenye leseni. Ofisi ikikutwa naye inafungwa, na aliyemficha hapati tena kazi ya forodha mji huu. Nina watoto wawili, Mzee, na kazi nyingine siijui. Nikafungua mdomo niseme amefariki. Nikajisikiliza kwanza. Mtu aliyekuwa bandarini, akasali, akawa na msiba, leo eti amefariki? Hata mie nisingejiamini.

"Jumatatu saa mbili nataka mwenye koti asimame mbele yangu," akasema. "Asipokuja, utatoka wewe. Na hutatoka kidogo."

Nikaondoka na koti kwenye mfuko. Nilipanga niende kwa Bi Kidawa, mkeo, nimrudishie kilicho chake, nimwombe na karatasi ya kifo ya kumwonyesha Kelvin. Lakini ningempaje mjane koti lililochanika kwapani, tena kwa mkono wangu? Jumamosi asubuhi nikapita kwanza kwa Fundi Mbaraka.

Yupo palepale barazani na cherehani yake, maduka ya simu yamembana huku na huku. Nikamwambia ni kamchano kadogo tu, fundi. Akalipokea koti, akalipima uzito mkononi, akaniangalia juu ya miwani. "Hili nalijua. Nimelifungua mara tatu."

Nikamwuliza kwa nini mara tatu, na moyo wangu mbovu ukawa umeshajibu, bi mdogo alikuwa anamnenepesha.

Akaligeuza ndani nje. Akaingiza vidole viwili kwenye mchano, akavuta, ikatoka pamba. Akavuta tena, ikatoka nyingine. Alikuwa anaitoa kama anafungua mto. Akanieleza bila haraka, huku anaipanga ile pamba juu ya meza. Mara ya kwanza ulikuja umepungua kidogo, akabana pembeni kwa ndani. Mara ya pili ukamwambia, "Fundi, mwili unaondoka, lakini nje pasionekane." Akazidisha sponji mabegani, akatandika pamba chini ya bitana, kifuani na mgongoni. Mara ya tatu akaongeza mpaka mikononi. La bluu hivyo hivyo. "Nilimwambia, Mzee, utakufa na joto. Akasema joto haliui."

Fundi akaendelea kwamba ulikuwa unapita pale ukitokea hospitali, huko Kivukoni, kwenye sindano zako. Kila siku ya kazi, miaka ile miwili mizima. Unakaa kwenye benchi lile mpaka kizunguzungu kiishe, unakunywa maji, unafunga kifungo cha kati, ndipo unarudi kwetu. "Na samaki wake alikuwa anaomba nimwekee kule dirishani, mbali naye. Harufu yake ilikuwa inamtapisha. Nikamwuliza, sasa wa nini? Akasema kuna binti ofisini anapenda."

Nililikalia lile benchi lako nikalia, Mzee. Nililia kwa sauti, Jumamosi, Kariakoo imejaa, muuza soksi akasimama akaniuliza kama nimeibiwa. Miaka miwili nilishuku kila kitu. Nilimshuku bi mdogo ambaye hayupo, nikawashuku samaki, nikamshuku hadi binamu yako wa Bagamoyo. Na koti lilikuwa mbele ya macho yangu, mita mbili, limesimama lenyewe kitini bila mtu, na sikujiuliza koti tupu linasimamaje.

Fundi akauliza, "Nitoe pamba?" Nikasema irudishe yote, shona.

Nikaenda kwako, kwenye ile nyumba yenu ya chini iliyobanwa na maghorofa. Bi Kidawa alitoka eda juzi tu, amekonda, lakini chai yake bado ina iliki ya kutosha. Nikampa koti. Akalilaza mapajani, akalipapasa mabega, na kwa alivyolipapasa nikajua anajua kilichomo. Halafu akanishika mkono.

Akasema, "Hawa mwanangu, Mungu akulipe. Alikuwa akiniambia, ofisini yupo binti mmoja anajua, kila siku saa nne ananipa ruhusa nikatibiwe, wala hanisimangi, wala hajaniuliza swali hata siku moja. Nimekuombea kila swala."

Hajaniuliza swali hata siku moja, eti. Kweli sikukuuliza. Si kwa wema, Mzee. Sikukuuliza kwa sababu nilijua jibu langu, na nililipenda kuliko lako. Ningekuuliza mara moja tu, "Mzee, unaenda wapi?" labda ungenidanganya, labda usingenidanganya. Labda siku ile ya Alhamisi ningejua pa kukutafuta saa saba, badala ya kununa mpaka saa kumi na moja. Nikanywa chai ya mkeo, nikapokea dua ambazo hazikuwa zangu, na sikumwambia. Hapo ndipo nilipokukosea, na hiyo ndiyo radhi ninayokuomba. Ukiweza, nisamehe. Mie bado siwezi.

Nilipomweleza habari za Kelvin akaingia ndani, akatoka na karatasi ya kifo. Na koti akanirudishia. "La bluu kachukua mwanawe. Hili kaa nalo, wewe ndiye uliyelilinda."

Jumatatu nikalivaa. Mikono imenifunika vidole, mabega yako mapana na mie ni huyu huyu, na lile joto, ya Rabi! Nilitoka jasho ngazi ya tatu tu, nikajua ulichokuwa unakibeba. Nikapita katikati ya fulana zao hakuna aliyecheka, hata Jofrey. Saa mbili juu ya alama nikasimama mbele ya Kelvin nikaweka karatasi mezani. Nikamwambia, "Mwenye koti ni Mzee Sefu, karani mkuu wa kitengo hiki, na amefariki kabla wewe hujaletwa. Nilikudanganya kwa sababu nilikuogopa, na kwa sababu nilikuwa nimezoea kusema hivyo. Hakuna kishoka hapa. Kuna mwongo mmoja, naye ni mimi."

Aliisoma ile karatasi muda mrefu. Kisha akauliza, sauti yake imeshuka, "Inasema ugonjwa ulikuwa wa muda mrefu. Mlikaa naye chumba kimoja. Hakuna aliyejua?"

Kanipa barua ya onyo, ya maandishi, ipo kwenye faili langu. Lakini onyo lenyewe lilikuwa swali lile. Kazi sijafukuzwa. Kiti chako kimeondolewa, kimepelekwa stoo, kama nilivyosema tangu mwanzo. Na usidhani nimeshamwamini huyu kijana. Jumatano alikwenda kuonana na wakubwa, na lile koti jeusi likavuliwa nailoni. Sisi tukabaki na fulana zetu tunajisikia.

Juzi sasa, saa nne, Jofrey akasimama, akajinyoosha, akasema, "Dada Hawa, natoka kidogo." Mdomo ulishafunguka kusema sawa. Nikaufunga. Nikamwambia, "Unaenda wapi?"

Akacheka. "Aa, dada, na wewe!"

"Kaa. Unaenda wapi, Jofrey?"

Akanitazama akaona sitanii. Akakaa. Akazichezea zile nyuzi za magotini kwenye jinzi yake, muda, halafu akaniambia ana mtoto wa mwaka na nusu ambaye miguu yake haijakaa sawa, mara mbili kwa wiki anampeleka mazoezi kliniki, mama yake hayupo. Miaka minne nimekaa naye meza ya pili. Sikujua hata kama ana mtoto. Nilijua amelipia michano.

Nikamwambia nenda, na Kelvin akiuliza nitamwambia umempeleka mwanao kliniki. Akasita. Nikamwambia nenda, mtoto anasubiri. Kelvin akauliza kweli, nikamwambia kweli, akasema sawa. Sijui ni sawa ya namna gani. Namwangalia.

Basi, Mzee wangu, mie naishia hapa kabla machozi hayajaharibu wino. Koti lipo nyumbani, kwenye kabati, pamba yake yote ndani. Kazini silivai wala siliweki kitini, na hakuna atakayelizugia tena. Nakuahidi hili moja, na wewe unanijua nikiahidi: sitamsemea mtu yeyote ametoka kidogo kabla sijamuuliza anaenda wapi na kusubiri ajibu.

Wewe nimeshakusemea ukweli. Umetoka, na hutarudi saa sita na nusu. Mwenyezi Mungu akulaze mahali pasipo joto, usihitaji kufunga kifungo.

Kesho viatu nitavipiga rangi.

Binti yako wa ofisini,
Hawa